Ilhamu Humezwa Kwanza

Mimi hutunga mashairi ya arusi hapa Lamu. Mtu akiwa na arusi ya binti yake huniletea majina: la bibi arusi, la mama yake, la marehemu babu ambaye ni lazima atajwe, na la shangazi ambaye asipotajwa nyumba haitalala. Kwa majina hayo natunga beti za kuimbwa usiku wa kina mama. Nimeanza kazi hii kabla sijaolewa, na sasa nina wajukuu. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: ilhamu waitoa wapi? Wageni wengi hujijibu wenyewe kabla sijafungua kinywa. Ni bahari, husema, ni majahazi yanaporudi jioni, ni upepo wa Shela. Bahari naipenda, nimekulia ukingoni mwake, lakini haijanipa kina hata kimoja.

Jibu langu limo ndani ya neno lenyewe, na nililipata chuoni nikiwa mtoto. Maalim alikuwa akitusomesha Sura ya Ash-Shams, ya 91 katika msahafu. Aya ya 8 yasema kwamba Mungu, baada ya kuiumba nafsi na kuilinganisha, aliitia ujuzi wa uovu wake na wa uchaji wake. Kitenzi kilichotumika hapo ni alhama, ndugu wa ilhamu, na katika Kurani nzima hakitokei tena. Maalim akatwambia shina lake ni lahima, kumeza. Kumeza kwa mkupuo, bila kutafuna. Alhama, basi, ni kumezesha. Tulicheka, maana tulikuwa watoto na kumezeshwa tulikujua kwa dawa tu. Maalim hakukasirika. Alisema tutaelewa tutakapokuwa na kitu tumboni.

Wazungu walipita njia nyingine. Neno lao la jambo hili, inspiration, limetoka katika Kilatini, spirare, kupumua: mtu huingiziwa pumzi. Kiswahili nacho kina neno la njia hiyo, uvuvio, ambalo ndugu zetu Wakristo hulitumia sana wanapozungumzia maandiko yao. Ni kutoka kuvuvia, vile mtu avuviavyo moto jikoni. Nimeyapima maneno haya mawili kwa miaka mingi, kwa kuwa ni maneno ya kazi yangu. Pumzi huingia na kutoka. Anayesubiri kuvuviwa aweza kukaa mikono mitupu, akatazama dirishani. Anayesubiri ilhamu ana swali la kujiuliza kwanza: nimemeza nini?

Kuna neno la tatu ambalo hapa kwetu halichezewi. Siku moja dakani kwa jirani yetu alikuja kijana msomi, mwenye adabu zake, akasifu tungo ya mzee mmoja kwa kusema, "Huu ni wahyi." Ustadh aliyekuwa ameketi upande wa pili wa baraza aliweka kikombe chake cha kahawa chini. "Wahyi ni wa mitume, mwanangu," alimwambia kwa upole. "Mlango wake umefungwa. Mshairi ana ilhamu, nayo si haba." Kijana alishukuru. Wapo wasomi wa fasihi wanaoandika wahyi kwa maana ya wazo linalomshukia msanii, na Kiswahili cha vitabuni kimezoea. Mimi niko upande wa ustadh. Ukiyachanganya maneno hayo, mshairi anaanza kudhani hakosei, na mshairi asiyekosolewa huoza mapema.

Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na maelezo yao. Waliamini mshairi ana jini anayemtilia maneno kinywani, na walitaja bonde la majini liitwalo Abqar. Kwa jina la bonde hilo Kiarabu kikapata abqari, mtu mwenye akili za kipekee. Neno hilohilo limo katika Sura ya Ar-Rahman likisifia mazulia mazuri. Tena iko sura nzima iitwayo Washairi, Ash-Shu'ara, na mwisho wake washairi wanatajwa kuwa watu wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda, isipokuwa walioamini na kutenda mema. Nadhani ndiyo sababu tenzi zetu za kale huanza kwa Bismillahi, kisha sifa za Mtume, kisha ndipo mtunzi anaomba kalamu, wino na karatasi. Mimi siioni kuwa desturi tupu. Aya ya Ash-Shams imetaja uovu kabla ya uchaji: kinachomezwa chaweza kuwa kimojawapo. Mtunzi anaanza kwa kuomba kitakachotoka kiwe cha upande mwema.

Basi mimi nilimezeshwa nini, na nani? Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hodari wa kutunga asumini. Alasiri watoto tulitumwa kuzichuma zingali tumba, kabla hazijafunguka, tukazimwaga katika sinia lake. Akakaa chini penye upepo, sindano mkononi, akazipitisha moja baada ya moja mpaka zikawa koja, au akazifunga pamoja na rihani zikawa kikuba. Mikono ikitunga asumini, kinywa kilitunga kitu kingine: kilisoma Utendi wa Mwana Kupona, beti moja nyuma ya nyingine. Hakuwa na kitabu mbele yake. Kuandika hakujua. Ila utendi ule alikuwa nao wote, na alikuwa nao kwa lahaja yetu, ulivyotoka.

Kiswahili kimefanya jambo la busara kubwa hapo. Kutunga asumini, kutunga samaki kwenye uzi, mimba kutunga, kutunga shairi: kitenzi ni kimoja. Hakuna anayetunga asumini asizozichuma. Maua ni lazima yawe yameshakusanywa mchana ili jioni pawe na la kupitishwa kwenye uzi. Mtu wa lugha hii akisema "nimetunga" amekiri kwamba vitu vilikuwepo kabla yake, na kwamba kazi yake ni mpangilio.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kisiwani Pate. Alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Anamwita mtoto akae karibu na wino na karatasi, na anatoa sababu ambayo kwangu ni maelezo bora ya ilhamu kuliko yote niliyoyasoma: "moyoni nina hadithi". Hasemi imemshukia, wala hasemi imemjia. Anayo, imo moyoni, na sasa anataka kuitoa kabla maradhi hayajamshinda. Utendi huo una mizani nane kila kipande, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kipande cha nne cha kila ubeti kinarudi kwenye -ia: kukwambia, ukazingatia. Nilikuwa na -ia hiyo masikioni kabla sijajua kusoma alifu.

Watu wa nje wanafikiri kuhifadhi ni kazi ya kasuku. Nimeyasikia haya hata kwa walimu wa shule, kwamba mtoto anayekariri hajifunzi kufikiri. Sikubaliani nao hata kidogo. Chuoni tulihifadhi sura ambazo maana yake hatukuijua, na nyumbani tukahifadhi beti ambazo nusu ya maneno yake yalikuwa yametuzidi umri. Maana ilikuja baadaye, kidogo kidogo, mingine nikiwa jikoni, mingine nikiwa natembea kwenda Langoni. Neno ulilolimeza halina haraka. Laweza kukaa ndani ya mtu miaka ishirini, kisha siku likihitajika likatoka likiwa limeiva.

Nilijua hivyo kwa hakika mama yangu alipofariki.

Nilikuwa nishazoeleka mjini kama mtunzi. Watu walitarajia niandike marthia, shairi la maombolezo, nami nilitaka kuliko wao. Nilikaa na daftari. Niliweza kutunga beti za furaha za harusi ya mtu nisiyemfahamu, na kwa mama yangu mzazi sikupata hata nusu ya kipande. Hitima ikasomwa, wageni wakarudi makwao, nyumba ikabaki na harufu ya udi na mimi nimekaa. Shoga zangu waliniambia nisubiri, itakuja. Wengine waliniambia niende nikatazame bahari, nami nilienda.

Alikuwa mjomba wangu aliyenisemesha maneno ya kunisaidia. Yeye ni fundi wa nakshi, na kiwanda chake ki nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo punda hupita wakigusa milango kwa mizigo yao. Nilikwenda kumpelekea chakula nikamkuta amelaza ubao wa mbambakofi, bado hajautia patasi. Alikuwa akichora kwa penseli mchoro ule ule ambao nimeuona kwenye vizingiti vya mji mzima: waridi, mnyororo, majani yanayozungukana. Nilimuuliza, "Mjomba, wewe ilhamu yako hukujia vipi?" Hakuinua kichwa. Akanijibu kwa Kiamu chake, "Haiyi kwa kuitwa, mwanangu. Huya kwa mkono." Kisha akanionyesha kona moja ya ubao ambako jani limepinda upande usiozoeleka. Alisema halikuwa katika mawazo yake alipoanza. Alipochora majani ya kale kwa kufuata, mkono ukafika mahali ukageuka. Asingelijua jani la baba yake, angegeukia wapi?

Nikarudi nyumbani. Sikushika daftari. Nilifungua kasha la mama na kuanza kuzikunja upya leso zake ili tuzigawe. Mikono ilipozoea kazi, kinywa kikaanza kusoma Utendi wa Mwana Kupona kwa sauti ya chini, kwa mwendo wa bibi. Nikafika pale binti anapoitwa na mama yake akae karibu, na badala ya ubeti unaofuata kikatoka kingine:

Leso yako naikunja
harufu yako naonja
kimya chako chanivunja
neno nani 'tamwambia

Niliacha leso nikaandika. Zilikuja beti nyingi usiku ule, na zote zilirudi kwenye -ia. Nilipozitazama asubuhi niliona kilichotokea. Utendi wa bibi ni wa mama anayemwambia binti. Mimi nilikuwa binti, na mama alikuwa ameondoka. Nilichoandika kilikuwa jibu, kwa mizani ileile, kwa kina kilekile. Kilikuwa kinangoja ndani yangu tangu siku za sinia la asumini. Bibi alikuwa amenimezesha swali, na mama akanipa sababu ya kulijibu.

Nimesoma baadaye kwamba Wayunani wa kale waliwaomba mabinti tisa wa mungu wao Zeus wawape nyimbo, wale wanaoitwa Muses, na kwamba mama yao aliitwa Mnemosyne, jina lenye maana ya kumbukumbu. Nilipoliona hilo niliweka kitabu chini nikamwambia mume wangu. Wale nao walijua! Nyimbo ni mtoto wa kumbukumbu, na hazina mama mwingine. Kutokana na mabinti hao lugha za Ulaya zikapata jina la nyumba ya kuhifadhi vitu vya kale, museum, ile ambayo sisi, bila kuwauliza, tumeiita makumbusho. Waswahili walirudi moja kwa moja kwa mama. Makumbusho ya Lamu iko pale mbele ya gati, na ndani yake zimo siwa mbili, baragumu kubwa za kale, ya pembe za ndovu kutoka Pate na ya shaba ya hapa Lamu, zilizokuwa zikipigwa katika shughuli za watu wakubwa. Kila nikipeleka watoto wa darasani kwangu hapo huwauliza, siwa ikipigwa, ilikuwa ikimkumbusha nani nini? Hatujawahi kumaliza mazungumzo hayo siku moja.

Nina darasa, ndiyo. Jumamosi wanakuja wasichana na wavulana wachache wanaotaka kutunga. Mwezi wa kwanza hawaandiki. Wanahifadhi. Namruhusu kila mmoja achague: tungo za Muyaka wa Mombasa, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, au tenzi za wanawake ambazo mama zao wanazo vichwani na hawajawahi kuulizwa. Al-Inkishafi nawapa hasa wale wanaosema Kiswahili cha kale ni kigumu. Nawapeleka beti zile za nyumba za Pate zilizohamwa, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizokuwa za sahani sasa ndege wamelalia humo, kisha nawauliza wapite mitaa yao na wahesabu zidaka tupu. Wanarudi wakiwa wameelewa ugumu ulikuwa wapi. Wapo wanaokimbia kabla ya mwezi kwisha, nami siwazuii. Waliobaki, nikiwapa karatasi, hakuna anayeniuliza aanzie wapi.

Na kipaji? Huulizwa pia. Kipaji kipo, na neno lake ni zuri: mtu amepawa. Kipaji pia ni paji la uso, mahali pa kusujudia. Lakini nimewaona wenye vipaji vikubwa wakiwa watupu, na nimewaona wa kawaida wakitunga vitu vya kudumu, tofauti ikiwa ni walichokilisha kipaji hicho.

Mjukuu wangu mkubwa hataki habari za mwezi wa kuhifadhi. Yeye anaimba nyimbo za vijana, anarekodi kwa simu chumbani, na ikimjia hasemi ilhamu. Husema, "Bibi, mzuka umepanda!" Neno hilo limetoka Bongo likatufikia kwa nyimbo zao. Wazee wa mtaani halikuwapendeza, kwa sababu kwetu mzuka ni kile kinachozuka usiku kwenye magofu na kukufanya ukimbie. Mimi limenifikirisha. Federico García Lorca, mshairi wa Hispania, alitoa hotuba Buenos Aires mwaka 1933 kuhusu kitu ambacho waimbaji wa Andalusia hukiita duende. Ni ile nguvu ya giza inayomfanya mwimbaji mwenye sauti iliyokwaruza awalize watu wakati mwenye sauti tamu anapigiwa makofi tu. Na duende kwa Kihispania ni mzuka wa nyumbani. Neno limefupishwa kutoka maneno yenye maana ya mwenye nyumba. Vijana wa Dar es Salaam hawakumsoma Lorca. Wamefika mahali pamoja naye kwa miguu yao. Kwa hiyo simkatazi mjukuu wangu neno lake. Namkumbusha tu kwamba mzuka wa nyumbani hauwi mgeni; unakuwa ni mtu aliyewahi kuishi humo.

Juzi alinipigia wimbo wake mpya. Ngoma zake ni za kompyuta na maneno mengine sikuyapata. Nikafumba macho nikahesabu kwa vidole, kama ninavyohesabia darasani. Nane. Nane. Nane. Nane. Kipande cha nne kikirudi nyumbani kila mara. Nilimuuliza nani kamfundisha mizani. Akasema hajafundishwa, yeye hufuata inavyosikika vizuri. Huyu ni mtoto ambaye kila Mfungo Sita nilimbeba begani kwenda Maulidi ya Riyadha, ule msikiti wa Habib Swaleh, akalala kichwa kikiwa karibu na matwari huku kasida zikisomwa mpaka usiku mkubwa. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema hakumbuki, alikuwa amelala.

Tumepatana. Atahifadhi Utendi wa Mwana Kupona kwa kusikia, nimsomee mimi, si kwa kusoma kwenye simu, nami nitasikiliza nyimbo zake zote hadi mwisho bila kumkatiza. Ameshapita beti za adabu za kuingia nyumbani kwa watu. Jana aligoma mahali pale mama anapomfundisha binti namna ya kumtunza mume. Amesema hapo hakubali. Nimemwambia asikubali, ila ameze kwanza, halafu aandike kwa nini.